Mwenyekiti Magodoro na Nafasi ya Mwenyeji

Hebu mwone anavyofika. Gari linasimama mbele ya lango la uwanja, injini inazimwa, na hakuna anayeshuka. Yumo ndani, kiti cha nyuma, kidevu juu, macho mbele kana kwamba safari bado inaendelea. Anasubiri kufunguliwa mlango. Dereva wake, ambaye siku za kawaida ni mbeba magodoro wake dukani, ameisahau tena kazi hii mpya. Yuko nyuma ya gari anashusha mabango. Mwishowe mlango unafunguka kutoka ndani, taratibu, kwa namna ya mtu anayetaka ionekane umefunguliwa kutoka nje. Kinatangulia kiatu cheupe, linafuata tumbo, halafu beji ya shingoni, pana kama sahani, imeandikwa MWENYEKITI. Nyuma ya vyote hivyo anakuja mwenyewe.

Huyo ndiye Magodoro. Jina la kupewa na wazazi analo, ila mjini hapa ukilitaja utaulizwa ni nani huyo. Anauza magodoro kwenye kona ya barabara ya soko, na tusimnyime haki yake, ni magodoro mazuri, hayabonyei upesi. Angebaki nayo, leo tungekuwa tunamsifu.

Pikipiki hajawahi kuiendesha. Aliwahi kupakiwa mara moja, akashuka njiani, akamalizia kwa miguu akisema anataka kunyoosha mgongo. Sasa utaniuliza mtu wa namna hiyo alipataje kuwa mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki za mashindano. Cheo hicho alikipata kwa kuwalaza wajumbe. Paa la chumba cha chama lilikuwa linavuja, akawakaribisha wafanyie mkutano mkuu stoo kwake, juu ya duka. Viti hakuna, wakakalia magodoro mapya, nailoni zake bado hazijatolewa. Ajenda ya uchaguzi ilikuwa ya mwisho, jua limechachamaa, nusu ya wajumbe wamejinyoosha. Katibu akauliza, "Kuna anayempinga?" Kimya. Mmoja akakoroma, na katibu akaihesabu hiyo kuwa ni ndiyo.

Ndugu msikilizaji, kama huujui mchezo wenyewe, usione haya, hata Mwenyekiti wake hakuujua. Ni pikipiki nyepesi, nne katika kila mbio, zinazunguka uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Hazina breki. Zinakata kona upande mmoja tu, kushoto, zikiteleza ubavu, na gurudumu la nyuma linarusha udongo kama mtu anayefukua kwa hasira. Dada yake Magodoro, mama mmoja mshonaji, mkubwa wake kwa miaka mingi, aliuelewa mchezo siku ya kwanza alipoutazama.

"Hauna breki," alisema, "unajua upande mmoja tu, na aliyekaa pembeni ndiye anayechafuka. Sishangai mdogo wangu kuupenda."

Mama huyu ana mtoto mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa akiendesha vizuri kuliko wote chamani. Ni fundi wa kuchomelea mageti; karakana yake iko nyuma ya nyumba ya mama yake, na ndani yake kuna geti la mteja upande huu na pikipiki yake upande ule, na daima geti ndilo linalochelewa. Ameshavuka thelathini na kitu. Goti lake la kushoto hulia akiinuka. Mashindano ya dunia alikuwa akiyasikia kwenye redio tu, kwa sababu orodha ya waendeshaji hupangwa na wakubwa huko mbali, na kuingia orodha hiyo lazima uwe umeshawahi kuingia. Kuna mlango mmoja tu mdogo wa pembeni: mji unaopewa kuandaa raundi moja ya mashindano hupewa pia nafasi moja ya mwendeshaji wake. Inaitwa nafasi ya mwenyeji. Fundi alikuwa na goti la kumtosha msimu mmoja au miwili, basi.

Hao wakubwa walituma wakaguzi. Asubuhi waliikagua hoteli, wakabonyeza mito. Mchana wakaikagua tena hoteli, safari hii kwa kula. Uwanja waliuona kupitia dirisha la gari, likiwa linatembea. Walitaka bendera, walitaka jukwaa la wageni wa heshima, walitaka maji, na walitaka mwenyekiti anayejua kusema ndiyo. Raundi ikaletwa.

Jioni ile ile Magodoro alikwenda kwa dada yake, akakaa kwenye kiti cha cherehani kwa kuwa ndicho kilichokuwa kirefu.

"Dada, mambo yameiva. Raundi imekuja."

"Na nafasi ya mwanangu?"

"Ipo, dada. Hiyo hata usiulize."

"Mimi nimeuliza."

"Ipo! Damu yangu itakosaje nafasi na mimi ndiye Mwenyekiti? Utaniaibisha bure."

Fundi, aliyekuwa mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani, aliishusha machoni. Alirudi karakana, na siku zilizofuata mwenye geti alikuja mara nyingi kulifuata akarudi mikono mitupu.

Sasa, wiki hiyo hiyo ya mashindano palikuwa na mkutano wa shirikisho la kanda, na katika mkutano huo kiti cha makamu wa rais kilikuwa wazi. Magodoro akakitamani kiti kile. Na kura za wajumbe wengi zilikuwa mfukoni mwa Bwana Rangi, mwenye kiwanda cha rangi za nyumba, ambaye ndiye aliyepaka viwanja vya nusu ya kanda bure na hakuacha mtu asahau. Bwana Rangi naye alikuwa na mtoto wa kiume. Kijana huyo alikuwa na pikipiki tatu na nguo za ngozi za rangi tatu kuzifuata, na katika zote hajawahi kumaliza mbio bila kumtafuta aliyemsukuma.

Huhitaji kuambiwa kilichofuata, ila namna kilivyofanyika ndiyo inayofaa kusikilizwa. Magodoro alichapisha beji. Kila mjumbe wa kamati alipewa ya kwake na ukanda wa kuvaa shingoni: huyu Afisa Itifaki, huyu Mratibu wa Bendera, yule mama wa kibanda cha chai cha uwanjani akawa Mkurugenzi wa Viburudisho. Watu walilala nazo. Kisha akaitisha kikao.

"Bingwa wetu ni Fundi," alianza. "Hilo halina mjadala. Na kwa kuwa halina mjadala, Fundi hahitaji kuthibitisha chochote. Nafasi apewe anayeihitaji. Wanaomuunga mkono kijana wa Bwana Rangi?"

Mikono ikanyooka. Mama wa chai, ambaye mlango wa kibanda chake Fundi aliuchomelea bila kumdai, alinyoosha wake huku akiitazama sakafu. Fundi alisimama nyuma kabisa.

"Mjomba," aliuliza, "na ile ahadi?"

"Ahadi ipo palepale, mwanangu. Nafasi ndiyo imehama."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na beji zao zikatikisika.

Siku ya mashindano ikafika, na hapa ndipo ninapotaka usogee karibu. Jukwaa la wageni wa heshima lilikuwa limejengwa ukingoni mwa kona, upande wa nje. Hakuna mwendesha pikipiki duniani ambaye angelijenga pale, maana pale ndipo kila gurudumu linapotupa udongo wake. Lakini hakuna mwendesha pikipiki aliyeulizwa. Magodoro alipachagua yeye, kwa sababu fundi wa kamera alimwambia kwamba kutoka pale bango la Bwana Rangi na uso wa Mwenyekiti vingeonekana pamoja.

Asubuhi waendeshaji walitoka kufanya mazoezi. Wanne wa kwanza waliingia kwenye kona, wakalala ubavu, na jukwaa lote likapotea. Vumbi liliposhuka, mjumbe mkuu wa wakubwa alikuwa wa kahawia kuanzia nywele hadi soksi, na mke wa Bwana Rangi alikuwa akitema kitu kwenye leso.

"Maji!" alipiga kelele Magodoro. "Mwagieni maji!"

Dereva wa boza, lile gari la tangi la maji, akauliza, "Kiasi gani, Mwenyekiti?"

"Unaniuliza kiasi? Mpaka vumbi lishike adabu!"

Boza likamwaga. Likaenda kujaza, likarudi, likamwaga. Wageni walipiga makofi. Vumbi kweli lilishika adabu. Boza la tatu lilikwama katikati ya uwanja, likamwaga lilichobeba palepale lilipokwama.

Waendeshaji wa kigeni walikuja kutazama. Bingwa wa dunia mwenyewe, mtu mrefu asiye na maneno, aliingiza mguu, akauinua, buti likabaki. Akasimama na soksi moja, akamtazama mwamuzi. Mwamuzi akatoa uamuzi: apatikane mtu wa kuzunguka mara nne aonyeshe kwamba panaendesheka, ama sivyo kila mtu afunge mizigo, na mji huu usiote tena kuletewa raundi.

Magodoro alimkimbilia kijana wa Bwana Rangi.

"Mimi?" kijana alisema. "Kwenye tope lile?"

Baba yake akaingilia. "Mwenyekiti, mwanangu si jembe. Sikumleta kulima." Na papo hapo mgongo wa kijana ukamshika, akasaidiwa kwenda garini.

Akabaki Fundi. Alikuwa kwenye sehemu ya mafundi, anawanolea wageni vyuma, pikipiki yake mwenyewe imeegemea uzio pamoja na mama yake, aliyekuja na chupa ya chai. Magodoro alifika akihema, viatu vyeupe vimeshakuwa vya rangi nyingine.

"Mpwa wangu, mwanangu, jembe langu..."

"Mwingine si jembe, mimi ndiyo jembe?" Fundi alisema bila kuinua macho.

"Mizunguko minne tu. Ukiimaliza, nafasi ni yako. Naapa."

"Kasemee kwenye kipaza sauti."

"Nini?"

"Kipaza sauti kile pale. Sema nafasi ya mwenyeji ni ya Fundi. Nikishasikia, napanda."

Magodoro aligeuka akalitazama jukwaa. Bwana Rangi alikuwa amekaa na wajumbe wa kanda, mkono begani kwa mmoja wao. Kipaza sauti kilikuwa umbali wa kutupa kofia.

"Mwanangu, mambo ya kipaza sauti yana utaratibu wake. Panda kwanza, nitatangaza ukishashuka."

"Dada," Magodoro akageukia upande wa pili, "mwambie mwanao. Mji mzima unatutazama."

Dada yake alimimina chai, akafunga chupa.

"Mji unakutazama wewe, Mwenyekiti. Sisi tuko nyuma ya uzio."

Magodoro aliinyoosha beji yake shingoni. Kisha akaenda zake, na hakwenda kwenye kipaza sauti. Fundi alifunga bomba la petroli, akaikamata pikipiki yake kwa usukani, mama yake akasukuma kwa nyuma, wakatoka kwa lango la magari ya taka kwa kuwa ndilo lililokuwa wazi.

Utadhani hapo mtu wetu aliangamia. Thubutu! Jua liliwaka siku hiyo kama lililolipwa, trekta likakwangua tope, mchana wa baadaye mwamuzi akaridhika na mbio zikafanyika. Kila zamu ya mwenyeji ilipofika, walisimama watatu mstarini na pengo la wa nne, maana kijana wa Bwana Rangi alikuwa bado garini na mgongo wake. Mji ulioandaa mashindano haukuwa na mwendeshaji hata mmoja. Mtangazaji wa redio akamwuliza Magodoro kulikoni, na Magodoro, udongo umekaukia kwenye nyusi, akajibu bila kupepesa:

"Ni ukarimu. Tulikaa kikao tukaona, mwenyeji gani anabanana na wageni wake? Tukawaachia nafasi."

Wakubwa waliipenda sana hiyo. Mjumbe mkuu aliyekuwa wa kahawia aliirudia mkutanoni kama maneno yake mwenyewe, Bwana Rangi akazitoa kura zake mfukoni, na Magodoro akawa makamu wa rais wa kanda. Wakamtafutia kazi ya kufanya. Wakamkabidhi nafasi za wenyeji: kila mji utakaoandaa raundi, yeye ndiye mwenye kusaini nani aendeshe.

Mwaka umepita, na juzi alikwenda kwa dada yake. Safari hii alikalia kiti cha kawaida, maana cha cherehani kilikuwa na mwenyewe, na hakuambiwa karibu.

"Raundi ijayo iko mji wa jirani," alisema. "Hawana mwendeshaji. Nimempa Fundi. Kweli kabisa, ukitaka niwapigie wakubwa simu uwasikie wenyewe."

Fundi alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cha maji ya moto kwenye goti. Aliinua kichwa. Macho yake, mama yake anasema, yalikuwa ya mtoto aliyesikia geti likifunguliwa.

"Kuna kitu kidogo tu," Magodoro akaendelea, akikwaruza paja. "Watu wa redio watakuwepo. Utasimama na mimi, useme mwaka ule uliitoa nafasi kwa hiari yako. Kwa ajili ya wageni. Neno moja tu, mwanangu, halafu unavaa kofia yako unaendesha. Goti lenyewe hilo halitangoji mwaka mwingine."

Cherehani ilinyamaza. Mama alimtazama mdogo wake, akamtazama mwanawe, akakikunja kitambaa alichokuwa akishona. Jibu la hili, alisema baadaye, si la kushonewa na mtu mwingine.

Magodoro bado amekaa pale, beji mpya kifuani, anasubiri jibu. Fundi anakamua kitambaa, maji yanarudi kwenye beseni tone kwa tone. Wewe uliyekaa nami tangu mwanzo, goti hilo lingekuwa lako, ungemjibu nini?