Kadi Ambayo Kiyotaka Hakuidai

Kila mwanzo wa mwezi Bi Sumie Ochiai alipeleka karatasi yake ya daktari, ya dawa za moyo, kwenye duka la dawa la Bwana Tsukuda, karibu na daraja la Kurayoshi, na juu ya karatasi aliweka kadi ya bima. Wengine walisubiri mpaka waombwe kadi. Yake ilikuwa na jina la kampuni ya mashine ya Kamizawa, ya Osaka, na jina la mwanawe Kiyotaka kama mwenye bima, mama akiwa tegemezi wake. Mjane wa mwalimu mkuu haringi. Aliiacha kadi iringe.

"Mwenzetu moyo wake unatunzwa na Kamizawa," Bi Wakuda, muuza tofu, ile jibini ya soya, alimtania kutoka kwenye benchi. "Sisi watoto wetu wanatuletea nguo chafu tukafue."

"Umewadekeza mwenyewe."

"Basi nikopeshe wako wiki moja."

Julai ile Bwana Tsukuda hakumwita kaunta. Alizunguka, akaketi kando yake, akasema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu," maana mji mzima ulimwita hivyo, "bima wameturudishia madai yetu ya Aprili bila kuyalipa. Na ya Mei. Wanasema kadi hii ilikwisha nguvu mwisho wa Machi."

"Wamekosea."

"Inawezekana. Huwa inatokea mtu akiacha kazi, kadi ikabaki…"

"Bwana Tsukuda, mwanangu hajaacha kazi. Kagua mashine yako."

Alisema hivyo kwa sauti ya darasani, Bi Wakuda asikie. Mfamasia akainamisha kichwa, akasema huenda kosa ni la duka. Alimpa dawa zake, akamwomba jambo moja tu: karatasi ya kampuni yenye tarehe bima ilipokoma, ili ofisi ya mji imwandikishe kwenye bima ya mji. Karatasi hiyo hupatikana kupitia kwa mwenye bima mwenyewe.

Hakumpigia mwanawe simu. Alikwisha kujua. Anayeacha kazi hurudisha kadi zote, hata ya mama yake, na ili kuirudisha Kiyotaka angelazimika kumwomba. Bila shaka aliwaambia kampuni kwamba imepotea. Alikuwa radhi aonekane mzembe kuliko kutamka mbele ya mama yake kwamba hana kazi, na kila Jumapili, kwa miezi minne, alimpigia na kumsimulia habari za kazini.

Mama naye akaanza kuvunja vidonge nusu nusu, ili dawa zimfikishe mbali bila kuidai ile karatasi.

Mwezi Agosti, kwa sikukuu ya kuwapokea wafu, Kiyotaka alikuja akiwa amevaa suti katika joto lile. Alimwashia baba yake ubani, akabaki amepiga magoti mbele ya picha muda mrefu kuliko desturi. Kisha akageuka, bado yuko chini.

"Mama, kuna jambo kuhusu kazi."

Mama angenyamaza tu. Kunyamaza peke yake kungetosha. Lakini milango yote ilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na pale kizingitini Bi Wakuda alikuwa anavua viatu, bakuli la tofu mkononi.

"Najua," Bi Sumie akamkatiza, uso umechangamka. "Wamekuongezea majukumu. Baba yako naye walimfanya hivyo hivyo."

Kiyotaka alimtazama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Kazi zimekuwa nyingi."

"Mkubwa wa Osaka huyo," Bi Wakuda alisema akiingia. "Oa basi, mama yako amechoka kula peke yake."

Kiyotaka akacheka. Alikuwa ameahidi kukaa siku tatu. Aliondoka na treni ya asubuhi iliyofuata.

Septemba ilifika bahasha isiyo na anwani ya mtumaji, yenye muhuri wa posta ya Nagoya, si ya Osaka. Ndani mlikuwa na karatasi ya kampuni: kazi ilikoma Machi thelathini na moja. Hapakuwa na barua wala neno la salamu. Jumapili hiyo simu haikulia. Alipopiga yeye, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ilimwambia kwamba namba hiyo haitumiki tena. Jumapili iliyofuata ikamwambia vile vile. Siku ile ya sikukuu alidhani anamsitiri mwanawe, kumbe alikuwa anajisitiri mwenyewe, na mtoto aliliona hilo.

Alikwenda ofisi ya mji kwa miguu, mgongo umenyooka, akapewa kadi mpya yenye jina lake peke yake. Bwana Tsukuda aliipokea kwa mikono miwili bila kuisoma kwa sauti. Akamletea fomu, kwa kuwa bima mpya huandikishwa upya.

"Na hapa, Mwalimu, mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Tuandike nani?"

Kwenye benchi Bi Wakuda aliinua macho.

"Mwanangu. Mwingine nani?"

"Bado yuko Osaka?" Bi Wakuda akauliza, safari hii bila utani.

"Yuko kazini."

Bwana Tsukuda alinyoosha mkono achukue kalamu, amsaidie kuandika. Bi Sumie hakuiachia. Aliinama juu ya kaunta akaiandika namba ile ile mwenyewe, tarakimu zote kumi na moja, kutoka kichwani.