Kleto Aliitika

Kaka yangu Anacleto Sadiwa hakuwa mtakatifu. Nalisema mapema kwa sababu tangu tumzike, majirani wameanza kuwasha mishumaa penye kaburi lake, wale wale waliokuwa wakimrushia maganda ya ndizi. Alikuwa mchuuzi wa filimbi. Kazi yake ilikuwa kufuata sikukuu za nchi hii, na nchi yenye visiwa maelfu haikosi mahali panapopigwa ngoma. Januari alikuwa Kalibo, watu wanapojipaka masizi usoni na kucheza barabarani kwa heshima ya Mtoto Yesu. Mei alikuwa Lucban, nyumba zinapovikwa mboga na karatasi za unga wa mchele za kila rangi. Oktoba alivuka hadi Bacolod, kwenye vinyago vinavyocheka. Alibeba gunia la filimbi za mianzi na kofia za manyoya ya kuku, akalala melini, na huko kamba ya meli ndiyo iliyomkata kidole gumba cha mguu wa kushoto. Alikuwa na mdomo mzito na kichwa kigumu kuliko nyumbu.

Mke wake alifariki akimzaa Luzviminda. Jina hilo limeunganishwa kwa mapande matatu ya nchi yetu, na nusu ya wasichana wa rika lake wanalo, kwa hiyo sisi tulimwita Minda. Kleto alimlea mwenyewe, akimbeba juu ya gunia la filimbi kutoka sikukuu moja hadi nyingine. Alipofika miaka minane, walikuja kwangu kwa ajili ya Krismasi, na asubuhi moja mtoto alisema, "Baba, kichwa kinaniuma." Kufikia jioni alikuwa hamjui mtu. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, akatutazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Mimi nilikuwepo chumbani. Kleto alipiga magoti kando ya kitanda akaweka nadhiri kwa sauti. Mtoto akipona, yeye atavaa kinyago cha askari wa Kirumi kila Juma Kuu, miaka saba mfululizo. Hilo wengi hulifanya hapa kisiwani kwetu Marinduque, si ajabu. Lakini yeye aliona halitoshi. Akaongeza kwamba mpaka ile saba itimie hatamshika mtoto, hatasema naye, wala hatalala naye chini ya paa moja. Alitoa alichokipenda. Nilimwambia amechanganyikiwa. Siku ya tatu Minda alifumbua macho akaomba uji, na baba yake akachukua gunia lake akatoka bila kumuaga.

Sasa, mtaa wetu una desturi yake. Mwenye kinyago hana jina. Kuanzia Jumatatu Kuu hadi Jumapili ya Pasaka anazunguka kimya juani, kichwani ana gogo zima lililochongwa uso wa ndevu, na sisi tuna ruhusa ya kumtega. Tunamwita kwa jina, tunamtukania mama, tunapiga kelele kwamba nyumba yake inaungua. Akigeuka au akiitika, nadhiri imevunjika, na miaka yote aliyokwisha kutembea imefutika. Wengi wakinaswa hucheka, huvua kinyago, hunywa pombe ya nazi, na mambo huishia hapo. Nadhiri yenyewe mwenyewe haruhusiwi kumwambia mtu. Imemfunga mdomo aliyeiweka. Haikunifunga mimi.

Na bado sikumwambia Minda. Miaka saba alinililia kwapani akiuliza amemkosea nini baba yake, nami nikimjibu kwamba wanaume ndivyo walivyo. Kleto alikuwa akituma kadi za picha kutoka kila sikukuu. Mbele kuna wachezaji wa Cebu au mashua za maua za Naga, nyuma kuna anwani tu, hakuna hata "hujambo". Mwanzoni Minda alizibandika ukutani juu ya mkeka wake, akaijua nchi hii kisiwa kwa kisiwa kuliko mwalimu wake. Alipofika miaka kumi na minne alizibandua zote akaziingiza jikoni, tukazichemshia wali wa kunata ninaouza mlangoni pa kanisa. Ziliwaka vizuri.

Mwaka wa saba Kleto alikuja amekonda, shingo imechubuka kwa kinyago. Alilala kwenye banda nyuma ya kanisa kama kawaida yake. Alikuwa na nguo mpya amezifunga kwenye karatasi, gauni la msichana, lakini la mtoto wa miaka kumi. Miaka yote alimkwepa, hakujua amekua kiasi gani. Aliniambia Jumapili saa sita mchana, kichwa cha Longino, yule askari aliyemchoma Yesu mkuki kisha akaamini, kikishaanguka jukwaani na mchezo kwisha, atavua kinyago na kuja kwangu kumchukua mwanawe. Wangepanda meli ya Jumatatu. Alishapanga chumba mjini Lucena.

"Dada Felisa," akaniambia, "umenitunzia. Mungu akulipe."

Nilimwambia asijali. Ukweli ni kwamba moyo wangu ulikuwa umejaa nyongo. Mimi sina mtoto. Yule msichana nilimtoa chawa, nilimfundisha kufunga wali kwenye majani, nililala macho wazi alipovunja ungo. Na mtu mwenye gunia la filimbi anakuja kumchukua, eti Mungu anilipe.

Jumamosi Kuu, tukiwa tunafunga wali, Minda akaanza tena.

"Shangazi, hao wote wamevaa sawasawa. Baba ni yupi?"

Miaka yote nilijifanya sijui. Siku ile nikasema, "Angalia miguu. Mguu wa kushoto hauna kidole gumba."

Akahesabu jambo kichwani. Kisha akauliza nadhiri ya mtu ikivunjika inakuwaje.

"Si unaona mwenyewe? Wanacheka, wanakwenda kunywa. Yamekwisha."

"Basi akinaswa ataacha huo upuuzi wake arudi nyumbani."

"Watu wanamwita miaka saba hageuki," nikasema. "Ukimwita jina hutampata."

"Nimwiteje?"

Hapa ndipo ningeuma ulimi. Siku moja tu ilikuwa imebaki, na nilijua hivyo kuliko mtu yeyote. Sikuuma.

"Mwambie kichwa kinakuuma."

Jumapili jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Longino alikimbia, askari wakamfuata kwenye vichochoro, wageni kutoka Manila wakipiga picha na kukanyagana. Vijana walikuwa wamemtambua Kleto kwa mguu wake, nao wakamwandama. Mmoja alimpigia kelele, "We Kleto, mkeo anakuulizia kuzimu." Mwingine akamwagia maji ya samaki. Hakugeuka. Alikuwa akitembea kwa kuyumba, mkuki umekuwa mkongojo, na kengele ya kanisa ilikuwa karibu kupiga saa sita. Nilisimama nyuma ya meza yangu nikamuona Minda akisogea ukutani, karibu kabisa na njia yake. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtoto anayeamka.

"Baba, kichwa kinaniuma."

Kinyago kilianguka chini kikapasuka sikio. Kleto alikwisha kupiga magoti mbele yake, ameshika uso wake kwa mikono miwili, anamtazama machoni, anamgusa paji, anamgusa shingo. "Wapi? Kinauma wapi, mwanangu? Tangu lini?"

Watu walilipuka kwa kicheko. Walikuwa wamesubiri miaka saba. Mtu akampiga Kleto mgongoni akamwambia twende tukanywe, amekwisha.

Minda naye alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka. "Siumwi, Baba. Mzima kabisa. Twende nyumbani."

Nilimuona Kleto akielewa. Ilimchukua muda. Alitoa mikono yake usoni pa mtoto, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, akarudi nyuma hatua tatu. Minda akanyoosha mikono amfuate, naye akarudi nyuma tena. Akaokota kinyago akakivaa na ule ufa wake. Ndipo kengele ikapiga, na kule jukwaani watu wakashangilia kichwa cha Longino.

Padre alikuja jioni, nilimwita mimi mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa. Alikaa na Kleto bandani saa nzima. Alimwambia Mungu si mtu wa kufuta miaka kwa hila ya mtoto, na kwamba anamfungulia nadhiri, papo hapo, kwa mamlaka aliyo nayo. Kleto alimsikiliza kwa heshima.

"Padre, siku ile hukuwepo," akasema. "Nilipatana na mwingine, si wewe. Amenitimizia. Mimi sijamtimizia."

Ataanza upya. Miaka saba mingine. Padre aliponieleza haya mlangoni, Minda alikuwa nyuma yangu akisikia.

"Nadhiri ya nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia homa, na magoti, na maneno yote neno kwa neno, kwa kuwa nayakumbuka. Nilimwambia kwamba baba yake asingeweza kusema lakini mimi ningeweza. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini nilimfundisha maneno yale. Nilijibu kwamba sikudhani yangefaa kitu, na akaniangalia mpaka nikaenda kupuliza moto ambao haukuwa umezimika.

Wala sikupata miaka saba niliyoitaka. Minda alikaa kwangu miwili, akiniamkia kila asubuhi kwa adabu na kusema nami mambo ya jikoni tu, kisha akaenda kufanya kazi za ndani Lucena. Kleto aliishia mwaka wa nne wa ile saba mipya. Siku ya Ijumaa Kuu alikaa chini kwenye kivuli cha duka la mafuta ya taa, na kwa kuwa mwenye kinyago haitiki, watu walimpita. Walimtupia maganda. Walimwita jina, hakugeuka, wakamsifu kwamba mwaka huu amekaza. Ilikuwa karibu magharibi mtu alipomgusa. Minda aliitwa akaja, akamuosha. Ndiyo mara ya kwanza kumshika tangu siku ile.

Lakini kinachonisumbua mimi si kaburi. Ni ile Jumatatu baada ya Pasaka aliyonaswa, bandarini. Minda alitaka kwenda, nikamfuata. Kleto alikuja na gunia lake, kwa kuwa Mei ilikuwa inakaribia na Lucban haimsubiri mtu. Njia ya kuingia melini ni ubao mwembamba, na Minda alisimama pembeni yake kabisa. Kleto alipita karibu naye kiasi cha gunia kumgusa bega. Alikaza macho mbele. Shingo ilikuwa inamtetemeka kwa ile kazi ya kutogeuka.

Alipofika juu alisimama ametupa mgongo, mashine ikaanza kunguruma. Minda akafungua mdomo. Nilimuona pumzi ikimjaa kifuani. Kisha akaleta viganja vyake viwili akauziba mdomo, akaubana mpaka vidole vikawa vyeupe, akakaa hivyo meli ikigeuka, ikitoka, ikizunguka rasi. Nilimwambia imeshaondoka, turudi nyumbani. Hakuiondoa mikono.