Mzinga wa Baba Kwenye Kisiwa cha Kwari

Asali ya dukani hainuki kitu. Unafungua chupa, unachovya kidole, unapata utamu tu, basi. Lakini juzi mwanamke mmoja anayepita mlango kwa mlango aliniuzia asali iliyokamuliwa kwa mkono, bado ina vipande vya nta na nyuki mmoja aliyekufa, na nilipoifungua jikoni harufu ya moshi ikanipanda puani. Moshi wa gunia kuukuu. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia namwona baba yangu majini, maji yamemfika shingoni, ndoo iko kichwani.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana hata yeye hakuelewa.

Miaka ya tisini tulikaa Kayole. Nyuma ya ploti yetu, ule ua wa vyumba vya kupanga, kulikuwa na kwari, yaani machimbo ya mawe ya kujengea yaliyokuwa yameachwa. Wachimbaji walichimba hadi wakaifikia chemchemi, maji yakawafukuza, wakahama. Katikati walikuwa wameacha mwamba mmoja uliojaa nyufa, usiofaa kujengea chochote, na maji yalipopanda ukabaki peke yake: kisiwa kidogo cha jiwe la kijivu chenye mgunga mmoja uliopinda. Sisi watoto tulikiita Mombasa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba Mombasa ni kisiwa, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko, tuliona afadhali tuwe na yetu.

Hakuna mtu aliyekaa Mombasa yetu. Wenyeji walikuwa ndege. Jioni yangeyange walirudi kutoka jaani Dandora, weupe ajabu kwa viumbe walioshinda kwenye takataka, wakagombania matawi ya mgunga kwa sauti za watu wanaotaka kutapika. Mnandi weusi walisimama ukingoni mwa mwamba wakiwa wametandaza mabawa yakauke, utadhani wameanika makoti. Kwera walisuka viota vyao kwenye ncha za matawi, juu kabisa ya maji. Chini yao alilala kenge mmoja mzee, mnene, ambaye kila mama wa mtaa alituhakikishia kwamba huchapa watoto kwa mkia. Mwamba mzima ulikuwa mweupe kwa mavi ya ndege, na upepo ulipovuma kutoka huko madirisha yote ya ploti yalifungwa. Mimi nilikipenda kisiwa kile kupita kiasi. Ndicho kitu pekee mtaani ambacho hakikuwa na mwenyewe wa kutufukuza.

Sasa, wazazi wangu. Mama alikuwa Mluhya wa Budalang'i, kule Mto Nzoia unakoingia ziwani. Baba alikuwa Mkamba wa Kitui, mahali ambapo watu hufukua mchanga wa mto mkavu ili wapate maji ya kunywa. Walikutana kwenye kwaya hapa Nairobi, wakapendana, wakaanza kukaa pamoja, na mambo ya ukweni yakawa ya kesho, kesho kutwa, mwaka ujao. Nikazaliwa mimi, akazaliwa mdogo wangu, na baba hajakanyaga Budalang'i.

Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia, mjomba Wandera, kaka mkubwa wa mama, akaja kututembelea. Alikunywa chai, akamaliza mkate, akafuta mdomo, kisha akasema mbele yetu sote: "Shemeji, hatuna ubaya na wewe. Lakini nyumbani hatukujui. Krismasi hii ikipita kabla hujafika kwa mzee, mimi mwenyewe nitakuja kumchukua dada yangu na hawa watoto. Si vita. Ni heshima tu."

Mama alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilienda kulilia chooni. Nilielewa vizuri sana: Krismasi ikipita, sitakuwa na baba.

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda Pumwani kwa binamu yake, mchonga vinyago, akarudi na gogo lililotobolewa, amelibeba begani kama anatoka vitani. Ulikuwa mzinga wa nyuki. Aliniambia mimi, labda kwa kuwa mama hakuwa akimsemesha siku hizo, kwamba baba yake alikwenda kumposa bibi na asali ya mizinga yake mwenyewe, na kwamba yeye hawezi kuingia kwa watu na chupa ya dukani, ataona haya. Nikamwambia kina mjomba wanataka ng'ombe. "Ng'ombe ni wa baadaye," akasema. "Asali ni ya kufungua mlango."

Shida ilikuwa wapi pa kuutundika. Mwenye ploti alisikia tu neno nyuki akapiga kelele: "Nyuki kwa ploti? Wewe mzee uko sawa kweli?" Ndipo macho ya baba yakaangukia Mombasa. Alikusanya mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia, akaifunga chini ya mbao kwa kamba ya mkonge, na kwa chombo hicho, huku akijisukuma na mti mrefu na kusali kwa sauti, akavuka. Hakujua kuogelea hata kidogo. Akautundika mzinga mgungani, katikati ya viota, na yangeyange wakamnyea kofia.

Mtaa mzima ulicheka. "Niaje Mwende," rafiki yangu Shiko alikuwa akiniuliza habari za baba, "buda yenu ameenda Mombasa leo?" Nilicheka nao, lakini kila nilipopita pale nilikuwa nikiangalia. Mvua ya masika ilipokuja nyuki nao wakaja. Nikaanza kuwa na matumaini.

Shule zikafungwa, Desemba ikafika. Kwao Kitui asali hurinwa giza likishaingia, nyuki wakiwa wametulia. Baba alilijua hilo tangu utoto. Lakini giza na maji kwa pamoja vilimshinda, akaamua kwenda alasiri, jua likiwa kali, na gunia kuukuu la kuwafukizia nyuki moshi. Sijui aliwaona nyuki wa Nairobi ni wapole kuliko wa kwao.

Nilikuwa uani nikichambua mchele Shiko alipokuja mbio. "Mwende! Buda yenu ako Mombasa na ile boti ya mitungi imemwacha! Nyuki ziko mob!"

Nilipofika ukingoni watu walikuwa wamejaa. Ndege wote wa kisiwa walikuwa hewani, wanazunguka na kupiga kelele. Hata kenge alikuwa amekimbilia majini. Juu ya mgunga kulikuwa na wingu la nyuki, na chini yake, upande wa kwetu, baba alikuwa amejitumbukiza hadi shingoni, mkono mmoja umeng'ang'ania ufa wa mwamba, mwingine umeshika ndoo yenye kifuniko kichwani. Mitungi ilikuwa ikielea mbali, yenyewe, bila haraka. Kila mtu alikuwa na ushauri. "Piga mbizi!" "Usipige mbizi!" "Tupa hiyo ndoo, mzee!" Hakuna aliyeingia. Kwari ile ilikuwa imeshakula watu, na sote tulikuwa tumewahi kuona wanavyotolewa.

Kisha mama akapita katikati ya watu, mikono ina unga wa chapati hadi viwikoni. Alijifunga leso kiunoni mara ya pili, kwa nguvu, akashuka mawe, akaingia majini akaanza kuogelea. Wenzangu, sikujua mama anajua kuogelea! Kanisa zima halikujua. Alikwenda mikono ikikata maji bila kelele, akaifuata mitungi kwanza, akaisukuma mbele yake hadi kwa baba. Kuta za kwari zilirudisha sauti, kwa hiyo tulisikia kila neno.

"Achilia jiwe, Baba Mwende."

"Siwezi."

"Achilia jiwe, shika mbao."

"Shika ndoo kwanza."

"Nitakuacha hapa na ndoo yako!"

"Mama Mwende, hii ni ya baba yako."

Nyuki walikuwa wakimuuma mama pia, nilimwona akijipiga shingoni. Halafu akaipokea ndoo, akaiweka juu ya mbao, akaifunga kwa leso yake kwa makini kabisa, kama anamfunga mtoto mgongoni, na baba akaachilia jiwe.

Walipofika nchi kavu uso wa baba ulikuwa umefura, macho hayaonekani. "Ndoo iko wapi?" akauliza. Mama akamzaba kofi moja, kisha akamkumbatia na kulia kwa sauti mbele ya watu wote. Nilikaa kwenye matope nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile hadi leo.

Wiki ya Krismasi tukaenda Budalang'i. Babu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alimpokea baba kwa heshima, kisha mjomba Wandera akaanza habari za ng'ombe. Baba akaweka ndoo katikati. Babu hakuiangalia. Aliangalia shavu la baba, ambalo bado lilikuwa na uvimbe, akauliza limefanywa nini. Baba akaeleza yote, hata kofi.

"Hujui kuogelea?" babu akauliza.

"Sijui, baba."

"Na ukaenda?"

"Nilienda."

Babu alicheka hadi akatafuta kitambaa. "Wandera, ng'ombe watakuja," akasema. "Huyu ameshafika."

Asali yenyewe hakuila. Kumbe hapendi vitu vitamu. Sisi wajukuu tuliimaliza.

Siku hizi ile kwari imefukiwa, na pale Mombasa ilipokuwa pamesimama gorofa. Yangeyange walihamia kwingine. Lakini kinachonijia zaidi nikinusa moshi ule ni safari ya kurudi. Hata kabla basi halijafika Kisumu mama alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa kimeegemea bega la baba. Alikuwa ameniahidi mahindi ya kuchoma Nakuru. Tukafika Nakuru, akina mama wauzaji wakapandisha mahindi dirishani, yeye bado anakoroma. Nikamvuta mkono, na baba akaushika mkono wangu.

"Mwache," akaninong'oneza. "Mwache alale."

Nilinuna hadi Nairobi. Nilidhani amechoka kwa kupikia wageni. Nilipokuja kuwa na mume na watoto wangu, na usiku wangu wa kukodolea dari macho, ndipo nikaelewa kwamba tangu mjomba alipofuta mdomo pale kwetu, mwaka mzima ule, mama hakuwa amelala.