Baba alitaka kuichoma katuni ya mungu wa radi, bibi akamwambia aniamkie kwanza

Wakuu, salaam. Humu huwa nasoma tu, kuandika naona aibu. Ila hili limenitokea mwenyewe hapa Tingi na siongezi chumvi.

Niko form three. Zuhura wa darasani kwetu aliniazima kitabu cha katuni alicholetewa na kaka yake kutoka Dar. Sharti moja: Jumatatu kirudi kizima. Kuna jamaa alimchania kingine, mpaka leo darasa zima linamzomea.

Na mimi nilikuwa sijawahi kuongea na Zuhura. Aliponipa nilitikisa kichwa tu.

Steringi ni mungu wa radi wa Wazungu wa kale, kule kwenye barafu. Utamu wake, wako watatu: kijana mwenye kiburi, mtu mzima, na mzee wa jicho moja. Wote ni yeye. Wanakutana vitani, halafu badala ya kupiga adui wanagombana wenyewe.

Jumamosi baba akanikuta nasoma jikoni, mihogo inaungua. Akauliza hao akina nani.

Mwenye akili angesema ni historia. Mimi nikasema, "Ni mungu, baba. Wa radi."

Wakuu, baba ni muadhini.

Akavuta astaghafiru ndefu, akakinyakua, akaelekea mafigani. Nilikuwa naiona Jumatatu tu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa pale anabangua korosho. Akataka aone picha kwanza. Nikamnong'oneza kwamba wote watatu ni mtu mmoja. Hakushangaa hata kidogo.

Maana kwetu mimi nimerithi jina la marehemu babu. Bibi ananiita mume wangu, na baba akiwa na furaha ananiita baba. Akikasirika anasahau.

Bibi akamkumbusha. "Yaani unachoma kitabu cha baba yako, na mimi mama yako nimekaa hapa?"

Baba akasimama, kitabu mkononi, moto unawaka.

"Niwie radhi, baba," akaniambia.

"Hata hujamwamkia," bibi akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Ilinitoka yenyewe, wallahi.

Nikajua nimepona. Kumbe baba akaomba akikague kama kina ubaya. Jumatatu asubuhi bado anakagua, kafika pale mzee anamkaripia kijana, anasema huyo mzee anaongea ukweli mtupu.

Shuleni Zuhura akanyoosha mkono. Ikabidi nifungue mdomo.

"Baba yangu hajamaliza."

"Baba yako muadhini?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Mwambie kuna cha pili."

Nilichojifunza: mzazi akikuuliza unasoma nini, usikurupuke kujibu, na bibi awe karibu. Pia kuongea na msichana hakuui.

Nyie mliorithi majina ya babu zenu, wazazi wanawachukuliaje? Nielekezeni, maana baba siku hizi asubuhi ananikwepa, na mimi sijui nani aanze kumwamkia mwenzie.