Majivu ya Mstari wa Kati

Majivu yakinyeshewa hutoa harufu ya ukali fulani, na kila niisikiapo hujikuta nimerudi uani kwetu Njombe, miguu peku, meno yakigongana kwa baridi. Baba alikuwa refa wa mpira wa kikapu. Kwa majivu ya jikoni alituchorea uwanja pale uani, na kuku, hawana adabu wale, wakauvuruga kila asubuhi. Kosa alilonifundisha kwa bidii kuliko yote ni la kurudisha mpira: ukishauvusha mstari wa kati, usiurudishe nusu yenu.

"Ila mpinzani akiugusa ukarudi kwa mkono wake," alisema, "ufuate tu, binti yangu, ni halali yako."

Mpinzani mwenyewe alikuwa mama, mikono imejaa unga, akiuparaza mpira kwa ncha za vidole huku akicheka.

Kisha baba akahamia Makambako, kule Lyamkena, kwa mwanamke mwingine. Mama akaacha kucheka, na uwanja wetu ukaoshwa na mvua.

Shule yetu ilipokwenda kucheza Makambako, mimi nikiwa kapteni, nilimkuta baba ndiye refa. Nilifurahi jamani! Nilijiambia akiona ninavyocheza atatukumbuka, atarudi nyumbani. Mwishoni, tukiwa nyuma kwa kikapu kimoja, msichana wa Makambako aliupiga mpira ukanitoka mkononi, ukavuka mstari kurudi nusu yetu. Nikaukimbilia, nikaudaka. Filimbi ikalia.

"Baba, ameugusa yeye!"

Aliwatazama washangiliaji, majirani zake wapya. Mimi hakunitazama.

"Kapteni, rudi kwenye nafasi yako."

Tulifungwa. Nililia njia nzima, na mama aliponiuliza, nikasema nilikosea mwenyewe, hakuna mwingine aliyeugusa. Afadhali niwe sijui sheria kuliko baba awe ametukataa mbele ya watu. Mama akasema, "Haya," akanipakulia ugali.

Niliusema uongo ule hadi nikauamini. Miaka mingi baadaye, kwenye kozi ya marefa, mkufunzi aliuliza kuhusu tukio kama lile, nami nikajibu kwa kujiamini kwamba ni kosa. Darasa zima likacheka. Akauparaza mpira kwa ncha za vidole kutuonyesha, na mimi nikaona unga. Nilitoka nje kulia kama mtoto.

Jioni nilimpigia mama simu.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Sheria ile hukuwahi kuikosea pale uani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umebakiwa na baba kidogo tu, mwanangu. Na hicho nacho nikunyang'anye?"

Na siku ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimficha mtu jambo.