Kitambaa cha Mama Halima

Mdomo wangu ndio shida. Enzi za kanda nilikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video cha Mama Halima pale Kitengela, na Kihispania sijui hata salamu. Wachimba mawe walipenda filamu moja ya zamani ya Ajentina, wakaidai kila jioni. Msichana wa kiwandani akilia mbele ya jaji mzee, mimi natafsiri, “Mpenzi, nioe.” Wanapiga makofi.

Ijumaa Mama Halima akakifungua kitambaa alichofunga sehemu ya chini ya kioo cha televisheni kuficha ufa, akaenda kukifua. Kumbe kilikuwa kimefunika tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, lugha ambayo hata mimi naisoma.

Jioni hiyo msichana alipomlilia jaji, mchimba mawe Mutua akasoma polepole, akiyageuza kwa Kiswahili, “Baba, nihukumu kama wengine.” Akanigeukia.

Baba na binti nilikuwa nimeshawaoza tangu Jumatatu.