Hodi ya Tatu

Kaa karibu unisikilize, maana jambo hili ukielezwa haraka utacheka, na mimi siku ile sikucheka hata kidogo.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani hapa London, upande wa Barking. Ofisi hunipa orodha ya nyumba nami nazunguka kwa basi. Huyu namwogesha, yule nampa dawa, mwingine namchemshia chai na kumsikiliza. Mzee ninayetaka kukusimulia alikuwa Mwingereza wa miaka themanini na kitu, fundi wa lifti mstaafu, akiishi peke yake kwenye fleti ya chini. Alikuwa na kisukari, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuchanganyika. Asubuhi alijua kwamba mke wake alikwisha fariki. Mchana aliweza kuniuliza mbona mkewe amekawia sokoni.

Kitu ambacho hakikumchanganya kamwe ni tamthilia yake ya kijasusi. Alikuwa na diski zake zote ndani ya boksi la viatu, na aliitazama kila siku kama mtu anayesali. Ni tamthilia ya zamani sana, ya wakati yeye ni kijana, rangi zake zimepauka. Majasusi wa serikali wanafanya kazi chini ya duka la dobi. Adui wao ana mashine kubwa kama kabati, imejaa mirija ya kioo. Mtu anaingizwa mmoja, wanatoka wawili. Yule wa pili ana sura ile ile, sauti ile ile, hata kovu lile lile. Nakala hizo huvaa makoti ya kijivu yanayofanana, huja wawiliwawili, na huingia majumbani mwa watu asubuhi kweupe, taratibu, kama jamaa.

Unaweza kusema huo ni mchezo wa watoto. Nami nilisema hivyo wiki ya kwanza, nikikatakata mkate wake huku jicho moja liko kwenye televisheni. Unaona waya zinazoninginia, unaona mlango wa mashine umetengenezwa kwa mbao. Lakini kuna sehemu mume anakunywa chai na nakala ya mkewe, anamwangalia, anajua, na hawezi kusema kitu kwa sababu hana ushahidi. Hakuna muziki, ni kijiko tu kinachogonga kikombe. Siku hiyo nilirudi nyumbani, binti yangu akanijibu kwa Kiingereza chake kama kawaida, nami nikajikuta namtazama uso mpaka akaniuliza nina nini.

Sasa nikueleze kuhusu hodi. Mlango wa mzee ulikuwa na kisanduku cha funguo chenye namba, na sisi watunzaji tunazijua namba. Tunafungua, tunaingia. Mimi nimelelewa Tanga. Siwezi kuingia nyumba ya mtu namna hiyo hata kama ufunguo ninao mkononi. Kwa hiyo nilisimama kizingitini na kupiga hodi. Siku ya kwanza aliniuliza neno lile ni nini. Nikamfundisha: unapiga hodi, unangoja, mwenyeji anakuambia karibu. Ukipiga mara tatu kimya, unageuka unakwenda zako, hulazimishi.

Mzee alifurahi kupita kiasi. "Basi hilo ndilo neno letu la siri," akasema. "Mashine inanakili uso na sauti. Adabu haiwezi." Tangu siku hiyo nikipiga hodi, sauti inatoka ndani, "Karibuuu," ameivuta kama mpira.

Asubuhi ninayoisema, msimamizi wangu alifuatana nami kuangalia ninavyofanya kazi. Ni Mkenya, mtu mzuri, mwepesi wa utani na mwepesi wa miguu. Mimi nilikuwa na kikohozi, nimevaa barakoa, naye akavaa yake. Wote wawili tuko ndani ya yunifomu ya bluu. Nikafungua kisanduku, nikachukua ufunguo, nikafungua mlango, nikasimama.

"Unangoja nini, dada?"

"Napiga hodi kwanza."

"Nyinyi Watanzania! Mnaomba ruhusa hata kwa ukuta. Tuna wateja wengine saba, ingia!"

Nikaona aibu. Nikaingia.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Televisheni ilikuwa imesimamishwa kwenye picha ya korido ndefu. Nikasikia komeo la bafuni likifungwa, kisha fremu yake ya chuma, ile anayojishikilia akitembea, ikigandamizwa kwenye mlango.

"Mzee, ni mimi."

Akajibu kutoka ndani, polepole: "Sauti ni yake. Siku zote sauti huwa ni yake. Mko wangapi?"

"Wawili," nikajibu, na papo hapo nikajua nimeharibu.

Hapa lazima uelewe jambo moja ili uone hatari ilikuwa wapi. Kila asubuhi muuguzi alipita kumdunga insulini kabla sijafika. Insulini ikiingia mwilini inaiondoa sukari kwenye damu. Mgonjwa akila, hakuna neno. Asipokula, sukari inashuka: anatetemeka, anatokwa jasho, anachanganyikiwa zaidi, kisha anazimia, na anaweza asiamke. Nikaangalia daftari mezani. Muuguzi alikuwa ameshapita muda mrefu, na mkate aliomwekea ulikuwa haujaguswa.

Msimamizi akagonga mlango wa bafuni kwa kiganja. "Baba, tafadhali fungua, tunataka kukusaidia."

"Ndivyo wanavyosema," akajibu mzee, na ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito.

Msimamizi alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Wakasema lipo njiani. Komeo tungeweza kulizungusha kwa sarafu kutoka nje, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameegemea mlango, na mifupa yake ni myepesi kama ya kuku. Tukisukuma tutamwangusha.

"Toka nje," nikamwambia msimamizi. "Ukae ng'ambo ya barabara, asikuone."

"Na wewe?"

"Mimi pia natoka."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Sikumlaumu. Nilivua barakoa, nikatoka, nikaufunga mlango wa mbele nyuma yangu. Sijawahi kusikia mlango ukifungwa kwa kelele kama ile. Mtu ninayelipwa nimlinde yuko ndani anazimika, nami nimesimama nje kama mgeni.

Nikainama kwenye tundu la mlangoni la kupitishia barua. "Hodi!"

Hakuna kitu. Basi lilipita nyuma yangu. Nikahesabu hadi kumi.

"Hodi!"

Nikasikia fremu ikikwaruza sakafu, kisha ikanyamaza. Msimamizi ng'ambo ya barabara alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Ilibaki moja. Na ndipo woga wenyewe ulinishika, maana sheria nilimfundisha mimi: mara tatu, kisha unaondoka. Nikipiga ya tatu akakaa kimya, halafu nikaingia, nitakuwa nimethibitisha kwamba mimi ni nakala, na hatafungua tena. Nisipoingia atakufa. Nilitaka kuiahirisha ile hodi milele, na kila nilivyokawia, sukari yake ilikuwa inashuka.

"Hodi, Mzee wangu," nikasema. "Hodi."

Nilihesabu hadi saba. Komeo likalia. Kitu kizito kilianguka, nikadhani ni yeye. Kisha sauti ndogo, haikuvutwa hata kidogo:

"Karibu."

Nilimkuta amekaa chini koridoni, fremu imelala pembeni, shati limelowa. Nikampa juisi ya machungwa yenye sukari kwa mafunda madogo madogo, meno yakigonga glasi. Baada ya dakika chache macho yake yakarudi.

"Walikuja," akaninong'oneza. "Wawili. Mmoja alifanana na wewe kabisa."

"Najua," nikamwambia.

Watu wa gari la wagonjwa walimpima, wakamwacha nyumbani. Msimamizi aliandika maagizo mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa faili la mzee, kwa herufi kubwa, akanipa nisome. Hakunitania. Wote waliomtunza baada yangu waliyafuata, na nawe ukipewa mgonjwa wa namna hii yafuate: nenda peke yako hadi mlangoni, vua barakoa aione sura yako, piga hodi, hesabu polepole hadi kumi, na usivuke kizingiti kabla hajakukaribisha.